Kutoka MIOME hadi chuo kikuu: Safari ya shule za taaluma kisiwani Mombasa

MKAZI wa Kibokoni anayetaka kumpeleka mwanawe chuo kikuu kusomea uhandisi hana haja ya kuvuka bahari. Atatoka katika vichochoro vya Mji wa Kale, apite mjini, kisha aelekee Tudor, upande wa pili wa kisiwa kilekile. Huko, kando ya barabara ya Tom Mboya, ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kinachofahamika kwa kifupi kuwa TUM.

Safari hiyo ya kilomita chache ilichukua zaidi ya miaka sitini kukamilika. Chuo hicho kimebadilisha jina mara nne tangu kilipoasisiwa, na kila jina lilikuja na masharti yake kuhusu nani aingie, asome nini na atoke na cheti gani. Makala haya yanaeleza jinsi shule za taaluma zilivyozaliwa na kukua ndani ya chuo hicho, na kwa nini habari zake zinamhusu hata yule fundi wa Kibokoni ambaye hajawahi kupita langoni pake.

Shule ya taaluma ni nini?

Katika chuo kikuu, shule ya taaluma ni ile inayomwandaa mwanafunzi kwa kazi maalumu yenye miiko yake na inayolindwa na sheria. Udaktari, uwakili, uhandisi, uhasibu, usanifu majengo na uuguzi ni miongoni mwa kazi hizo. Mwenye shahada ya historia anaweza kuandika kitabu cha historia pasipo kuomba idhini ya yeyote. Mwenye shahada ya sheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mteja hadi apite mafunzo mengine na kuapishwa kuwa wakili. Mhandisi naye hatii sahihi mchoro wa daraja hadi asajiliwe na bodi.

Kwa sababu hiyo shule ya taaluma ina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni chuo kinachotoa shahada. Wa pili ni chama au bodi ya wenye kazi yao, inayoamua kama shahada hiyo yatosha. Wawili hao wakielewana, mwanafunzi hunufaika. Wakivutana, anayeumia ni mwanafunzi, kama tutakavyoona.

Si jambo geni duniani. Bologna, mojawapo ya vyuo vikuu vikongwe vya Ulaya, kilipata sifa kwa mafunzo ya sheria, na mji wa Salerno ulivuma kwa tiba. Uhandisi ulichelewa kuingia chuoni, kwa kuwa kwa karne nyingi ulihesabiwa kuwa kazi ya mikono, isiyofaa kuketi meza moja na falsafa. Dharau hiyo kwa kazi ya mikono ilifika Afrika Mashariki pamoja na ukoloni, wala haijaisha.

Kibokoni kabla ya chuo

Ujuzi haukungoja chuo ndipo ufike Mombasa. Katika Mji wa Kale, elimu ilipatikana kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa darsa za misikitini na majumbani mwa masheikh, ambako wanafunzi walisoma Kurani, fikihi, nahau na mirathi. Kutoka darsa hizo walipatikana makadhi, waandishi wa hati na walimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alikuwa tunda la elimu ya namna hiyo.

Njia ya pili ilikuwa ya ufundi. Kijana alikabidhiwa kwa fundi akiwa mdogo, akashika msumeno au sindano, akatumwa, akakemewa, na baada ya miaka kadhaa akaaminiwa kazi yake mwenyewe. Ndivyo walivyopatikana wachonga milango, waunda majahazi, masonara, washona kanzu na kofia, na waashi waliojua kupika chokaa na kujenga kwa mawe ya matumbawe na boriti. Lugha yenyewe inashuhudia ukaribu wa kazi na elimu. Fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja.

Njia zote mbili zilikuwa na upungufu mmoja mbele ya serikali mpya: hazikutoa cheti. Bandari ya Kilindini ilipopanuka na reli kuhitaji watu wa mitambo, umeme na hesabu, ajira nzuri zilikwenda kwa wale waliokuwa na karatasi ya shule. Shule nyingi zilikuwa za wamisheni, na wazazi wengi Waislamu wa Pwani waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake, Waislamu wa mwambao waliachwa nyuma katika elimu ya kisasa, jambo ambalo hata serikali ya kikoloni ilikiri.

Mwenye tamaa ya uwakili alikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Jengo la mahakama lilikuwa palepale karibu na Ngome ya Yesu, hatua chache kutoka Kibokoni, lakini hapakuwa na kitivo cha sheria kokote Afrika Mashariki hadi mwaka 1961. Aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda ng'ambo, na hilo liliwezekana kwa wachache tu wenye uwezo.

MIOME yazaliwa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliunga mkono wazo la kuanzisha chuo cha kiufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1948 hatua za kukiasisi zilianza, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Kiliitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na wengi wakakijua kwa herufi za jina lake la Kiingereza, MIOME.

Fedha zilitoka katika mikono mingi. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, alichangia pauni 100,000. Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Maismailia, alitoa kiasi kama hicho. Jumuiya ya Mabohora ilichangia, na serikali ya Uingereza ikaongeza kupitia mfuko wake wa maendeleo ya makoloni.

Mchango wa Sultani haukuwa wa bahati nasibu. Kisheria, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa bado milki yake, ukitawaliwa na Waingereza kwa mkataba, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Mombasa ilikuwa na mabwana wawili, na chuo kile kilijengwa kwa fedha za wote wawili.

Majengo ya Tudor yaliinuliwa kwa mtindo wa Kiislamu, yenye matao na kuba, na mpaka leo mgeni anayafahamu kwa mbali. Ndani yake hapakukusudiwa kufundishwa dini peke yake, kama jina lingeweza kumdanganya mtu. Shabaha ilikuwa ufundi: mitambo, umeme na kazi nyingine ambazo uchumi wa kisasa ulizihitaji. Kwa mara ya kwanza, kijana Mwislamu kutoka Lamu, Zanzibar, Tanga au Kampala aliweza kupata elimu ya kiufundi yenye cheti pasipo mzazi wake kuhofia imani yake.

Taaluma zagawanywa

Ili kufahamu MIOME ilisimama wapi, yafaa tuangalie vyuo vingine vya wakati huo.

Makerere, ambayo leo ni fahari ya Uganda, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, wakisoma useremala, ujenzi na umakanika. Mafunzo ya utabibu yaliongezwa miaka michache baadaye, na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London.

Nairobi nayo ilipata hati ya Chuo cha Kiufundi cha Kifalme mwaka 1951, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1956. Chuo hicho ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Dar es Salaam ilifungua milango yake Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja tu, cha sheria, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba.

Vyuo hivyo vitatu vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, taaluma ziligawanywa kama mirathi. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi na usanifu majengo Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Mombasa aliyetaka udaktari alipanda gari la moshi hadi Kampala, na mwenzake aliyetaka sheria akateremka Dar es Salaam. Nairobi haikuwa na shule ya udaktari hadi 1967, wala kitivo cha sheria hadi 1970, mwaka ambao chuo hicho cha pamoja kilivunjika na kila nchi ikachukua chake.

Tazama basi: Makerere na Nairobi zote mbili zilianzia katika karakana, zikapanda hadi chuo kikuu. MIOME ilianza kwa mbegu ileile na karibu wakati mmoja na Nairobi. Nairobi iliufikia ukumbi wa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mombasa ilingoja hadi 2013. Tofauti hiyo ya miaka zaidi ya arobaini ndiyo inayowafanya watu wa Pwani wazungumzie elimu ya juu kwa uchungu.

Jina labadilika, mlango wapanuka

Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya, Sultani wa Zanzibar alikubali kwa mkataba kuuachia mwambao uwe sehemu ya Kenya. Mahakama za Kadhi zilihakikishiwa kuendelea. Dola mpya, hata hivyo, haikuona kwamba chuo cha kiufundi cha pekee mjini kingebaki kuwa cha wafuasi wa dini moja.

Mwaka 1966 MIOME ikaitwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, na milango ikafunguliwa kwa Wakenya wa dini na makabila yote. Mwaka 1972 ikapandishwa kuwa Mombasa Polytechnic, chuo cha pili cha taifa cha aina hiyo baada ya Kenya Polytechnic ya Nairobi iliyofunguliwa 1961.

Uamuzi huo una sura mbili, na kila moja inastahili kutazamwa kwa haki.

Sura ya kwanza ni ya taifa. Chuo kilichokusudiwa watu wachache kikawa cha wote. Wanafunzi waliongezeka, kozi zikaongezeka, na stashahada za uhandisi, biashara, sayansi na ujenzi zikaanza kutambuliwa na waajiri kote nchini. Mafundi sanifu wengi waliofanya kazi bandarini, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe na katika kampuni za umeme na simu walipitia Tudor.

Sura ya pili ni ya wenyeji. Baadhi ya viongozi na wazazi Waislamu wa Pwani waliona kwamba amana iliyochangwa kwa ajili ya watoto wao ilichukuliwa bila fidia. Malalamiko hayo yamejirudia miaka nenda miaka rudi. Wanaoyatoa husema kwamba kuufungua mlango kwa wote ni jambo jema, ila waliokuwa nyuma tangu mwanzo walihitaji kusaidiwa wafike mlangoni. Mwenye alama nzuri kutoka shule nzuri za bara hupita kwa urahisi, na jirani wa chuo mwenye alama hafifu hubaki nje akitazama kuba zilizojengwa kwa jina lake.

Karani aliyekuwa mkuu wa chuo

Hakuna maisha yanayoeleza habari za MIOME vizuri kuliko ya Profesa Ali Mazrui, mwana wa yule Kadhi Mkuu, Sheikh Al-Amin. Alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Matokeo ya mtihani wake wa mwisho wa shule ya upili hayakuwa mazuri, na mlango wa Makerere ukawa umefungwa kwake. Akapata kazi ya ukarani MIOME.

Katika sherehe moja ya Maulidi chuoni hapo, kijana huyo alitoa hotuba mbele ya wageni, miongoni mwao akiwa Gavana Mitchell. Hotuba ilimpendeza Gavana, na kutokana nayo ikapatikana njia ya ufadhili. Mazrui akaenda Huddersfield nchini Uingereza kumaliza masomo ya sekondari, akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, New York, mwaka 1961, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ilimpokea kama mhadhiri na hatimaye profesa.

Mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki alipoacha desturi ya rais kuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, Profesa Mazrui aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, maarufu JKUAT. Na mwaka 2007 ni JKUAT hiyohiyo iliyokabidhiwa ulezi wa Mombasa Polytechnic. Mrithi wa taasisi aliyoitumikia akiwa karani ukawa chuo kishiriki cha chuo kikuu alichoteuliwa kukiongoza.

Profesa Mazrui alifariki Marekani Oktoba 2014. Mwili wake ulirejeshwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome ya Yesu, mwendo mfupi kutoka Kibokoni.

Kisa chake kinasifiwa sana, na kina funzo lisilosemwa mara nyingi. Mazrui aliokolewa na hotuba moja na sikio moja la mkubwa. Wapo wenzake wengi waliopata alama kama zake na hawakupata hotuba wala sikio. Nchi haiwezi kujenga taaluma zake kwa kutegemea bahati ya Maulidi.

Mwaka 2007 na mwaka 2013

Hadi Agosti 2007, Mkoa wa Pwani haukuwa na chuo kikuu chake cha umma. Vyuo vya Nairobi na kwingineko vilikuwa na mabewa mjini Mombasa, yaliyostawi hasa baada ya vyuo vya umma kuanza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini makao makuu yalikuwa bara, na maamuzi yalifanyiwa huko.

Mwezi huo serikali ilianzisha vyuo vishiriki viwili Pwani. Taasisi ya kilimo ya Kilifi ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Mombasa Polytechnic ikawa chuo kishiriki chini ya JKUAT. Mwanzoni mwa 2013, Rais Kibaki akikaribia kumaliza muhula wake, vyote viwili vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili. Ndipo jina la TUM lilipozaliwa.

JKUAT yenyewe ilikuwa imepita njia iyo hiyo. Ilianza 1981 kama chuo cha stashahada kwa msaada wa Japani, ikawa chuo kishiriki 1988, na chuo kikuu kamili 1994. Mlezi aliifahamu barabara kwa kuwa aliitembea mwenyewe.

Kupanda kwa hadhi kulibadilisha sura ya ndani. Zilizokuwa idara za politekniki zilipangwa upya kuwa shule za chuo kikuu: uhandisi na teknolojia, biashara, sayansi tumizi na afya, sanaa na sayansi za jamii, pamoja na taasisi ya kompyuta. Mwalimu ambaye zamani alitosha kwa kuwa fundi hodari mwenye stashahada na uzoefu wa karakana sasa alitakiwa awe na shahada ya uzamili au uzamivu. Kazi ya utafiti, ambayo politekniki haikuulizwa, ikawa kipimo cha kupandishwa cheo.

Mabadiliko hayo yana faida. Mwanafunzi anaweza kuanzia stashahada na kufika shahada katika chuo kimoja. Yana gharama pia. Mtu aliyekaa miaka mitano akiandika tasnifu si lazima awe ndiye anayejua kuifungua injini ya meli na kuifunga tena.

Nani mwenye kauli ya mwisho?

Tulisema shule ya taaluma ina mabwana wawili. Nchini Kenya, mvutano wao ulifika mahakamani.

Wahitimu zaidi ya mia moja wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walijikuta na shahada ambazo bodi ya usajili wa wahandisi haikuzitambua. Walikuwa wamelipa karo, wamefaulu mitihani na kuvaa majoho, lakini kisheria hawakuweza kuanza safari ya kuitwa wahandisi. Kesi yao ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2018 iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, Bunge lilikuwa limerekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mamlaka ya kuidhinisha kozi za shahada. Wenye bodi hawakuridhika. Wao husema kwamba daraja likianguka hataulizwa mwalimu, ataulizwa mhandisi. Wenye vyuo hujibu kwamba hawawezi kutumikia bodi kumi na kila moja ikija na ukaguzi na ada zake.

Kwa mzazi, somo ni moja. Kabla ya kulipa karo ya kozi ya taaluma, na aulize maswali mawili: Je, tume imeidhinisha kozi hii? Na je, bodi ya kazi hiyo itamsajili mwanangu akimaliza? Jibu la swali la kwanza pekee halitoshi.

Pengo walilobaki nalo mafundi

Mombasa Polytechnic na Kenya Polytechnic zilipogeuzwa kuwa vyuo vikuu, nchi ilipoteza kwa mkupuo mmoja politekniki zake mbili kongwe zaidi. Wengi walionya wakati huo: tutakuwa na wahandisi wengi wa kuchora, na mafundi wachache wa kujenga.

Onyo hilo lilisikika polepole. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria mpya ya elimu na mafunzo ya kiufundi. Mwaka 2016 taasisi kadhaa zilipandishwa kuwa politekniki za taifa, na mjini Mombasa iliyokuwa taasisi ya mafunzo ya kiufundi ikawa Politekniki ya Taifa ya Pwani. Kwa maneno mengine, baada ya miaka tisa serikali ilirudi kujaza kiti ilichokiacha wazi. Mwaka huohuo wa 2016 ilitungwa sheria ya teknolojia ya uhandisi, iliyounda bodi ya kusajili wanateknolojia, mafundi sanifu na mafundi stadi, ili nao wawe na daftari lao la heshima mbali na lile la wahandisi.

Upande wa bahari, chuo cha mafunzo cha halmashauri ya bandari, kilichoitwa Bandari College, kiligeuzwa mwaka 2018 kuwa chuo maalumu cha mabaharia. Lilikuwa jambo la kushangaza kwamba mji uliokula kwa bahari kwa zaidi ya miaka elfu moja ulichelewa hivyo kupata chuo kama hicho.

Kibokoni yahitaji nini?

Turudi pale tulipoanzia. Mji wa Kale wa Mombasa ulitengewa mpango wa uhifadhi mwaka 1990, na Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Sheria inataka nyumba za zamani za Kibokoni na mitaa jirani zikarabatiwe bila kupoteza sura yake. Roshani ya mbao ikioza, inatakiwa roshani ya mbao. Ukuta wa matumbawe ukipasuka, unatakiwa chokaa, kwa sababu saruji huzuia ukuta usipumue, unyevu ukajifungia ndani na jiwe likaliwa na chumvi.

Kazi hiyo inamhitaji mhandisi wa kupima uzito na mpasuko. Inamhitaji msanifu wa kuchora. Inamhitaji pia yule fundi aliyefunzwa na babake kuchanganya chokaa na kuchonga nguzo. Wawili wa kwanza wana shule ndani ya chuo kikuu, wana bodi na wana mihuri. Wa tatu, mara nyingi, hana hata karatasi. Akifa pasipo kumfunza mtu, hakuna maktaba ya chuo itakayomrudisha.

Juhudi zimewahi kufanywa. Katika miaka ya 1990, chini ya Makavazi ya Kitaifa, kilianzishwa kituo cha utamaduni wa Waswahili kilichowafunza vijana wa Mji wa Kale useremala wa asili na ushonaji. Mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani nayo huendesha mitihani ya ufundi kwa daraja, ambayo hata fundi aliyejifunza mtaani anaweza kuifanya na kupata cheti kinachotambuliwa. Ni wachache Kibokoni wanaoufahamu mlango huo, na wengi wanaoufahamu huona si hadhi yao au huogopa chumba cha mtihani.

Hapo ndipo chuo kikuu cha kiufundi kinapoweza kulipa deni lake kwa mji. TUM haikuanza kama mnara wa maprofesa. Ilianza kama karakana ya vijana waliokosa cheti. Haitakuwa aibu kwake kumwalika fundi wa chokaa aje mbele ya darasa la wanafunzi wa uhandisi, wala haitakuwa hasara kumpima fundi huyo na kumpa karatasi inayosema anachokijua. Vyuo vingi duniani vilivyoanzia katika ufundi vimejifunza kwamba mti ukikata mizizi yake ili ukue juu zaidi, hauendi mbali.

Waliochanga pauni zao mwaka 1948 hawakuota juu ya majoho na mahafali. Walitaka kijana wa mwambao apate kazi ya maana kwa elimu yenye kutambuliwa. Hadhi ya chuo kikuu kamili imekuja, nayo ni ya kujivunia. Lakini kipimo cha chuo hicho kitabaki kuwa kilekile cha mwanzo: ni vijana wangapi wa Kibokoni, Kisauni, Likoni na Kwale wanaoingia langoni Tudor, na wakitoka, ni kazi gani wanaweza kuifanya kwa mikono na akili zao.